Karanga za Nachingwea na Wakulima wa Jembe

Maongezi yetu yahusu mashamba makubwa ya karanga yaliyoanzishwa katika nchi hii mwaka wa 1947. Twajua ya kuwa wengi wenu mmepata kuisikia habari hiyo kama kichekesho: matrekta mengi, fedha nyingi, karanga chache. Sisi hatutaki kuieleza kwa namna ile, maana waliokaa karibu na mashamba hayo hawakupata nafasi ya kucheka. Twataka kuitazama kama anavyoitazama mtu aliyesimama Nalasi, kusini ya mji wa Tunduru, upande unaoelekea mto Ruvuma. Mtu huyo yu mbali na London, lakini Nachingwea ni jirani yake.

Siku zile Mkoa wa Ruvuma ulikuwa haujaundwa. Songea, Tunduru, Masasi, Newala, Kilwa na Lindi zote zilikuwa katika Jimbo la Kusini, na Bwana P.C. alikaa Lindi. Mtu wa Nalasi aliyetaka kwenda pwani alipanda kwanza mpaka Tunduru, akafuata njia ya mashariki mpaka Masasi, na kutoka Masasi akaziona njia za kwenda Nachingwea na Lindi. Aliyetaka kwenda magharibi alifika Songea kwa Wangoni. Ilikuwa safari ya siku nyingi kwa miguu, na wakati wa mvua mito ilikata njia hata barua zikachelewa.

Basi watu wa huko walilimaje? Hapana budi tulieleze jambo hili kwanza, maana yote yatakayofuata yanalitegemea. Mkulima wa nchi hizo hapandi kitu kimoja tu shambani. Hupanda mahindi, na katikati ya mahindi hupanda mihogo. Pembeni hutia mbaazi, na mahali penye mchanga mwepesi hutia karanga na njugu mawe. Bondeni, palipo na maji, hupanda mpunga. Akitaka kufungua shamba jipya hutazama miti na majani yaliyoota pale, maana majani humwambia kama udongo una nguvu au umechoka. Hukata miti, huchoma, hulima misimu mitatu au minne, na nguvu ya udongo ikipungua huhama, akaacha mahali pale palale. Miti huota tena, majani huoza, na baada ya miaka mingi yeye au mwanawe hurudi. Mahali palipoachwa hivyo twapaita mahame. Mwenyeji apitapo katika mahame huona mwembe uliopandwa na nyanya yake, huona mawe ya jikoni, huona makaburi. Mgeni apitapo huona pori.

Shikeni sana neno hilo, pori, maana ndilo lililoleta mashaka.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945 Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula. Siagi, majarini na sabuni ziligawanywa kwa kipimo, kila nyumba na kadi yake. Mwezi wa Machi 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alikuwa akisafiri kwa eropleni juu ya Tanganyika, akaona nchi pana isiyo na mashamba mengi. Akawaza: kwa nini pasilimwe karanga kwa mashine? Alipeleka shauri lake kwa Serikali ya Uingereza, nayo ikatuma mabwana watatu waje kupeleleza, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa Idara ya Kilimo ya Tanganyika. Wakazunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa ya safari kwa eropleni, wakarudi na taarifa.

Taarifa ile ilisema ziwekwe sehemu 107, kila sehemu ekari 30,000. Jumla yake ni ekari 3,210,000. Sehemu 80 ziwe Tanganyika, nyingine ziwe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na katika zile 80, sehemu 55 ziliwekwa katika Jimbo letu la Kusini. Gharama yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24.

Wanafunzi mlio na kalamu, fanyeni hesabu hii pamoja nasi. Tuseme nyumba moja yenye mume, mke na watoto wakubwa hulima ekari nne kwa jembe la mkono. Sehemu moja tu ya ekari 30,000 ingetosha nyumba 7,500. Sehemu 55 ni ekari 1,650,000, nazo zingetosha nyumba 412,500. Hatusemi kuwa watu wengi hivyo walikuwapo wakafukuzwa, la, hawakuwapo. Twataka mwone ukubwa wa kitu kilichochorwa juu ya meza na watu ambao hawakupata kuuliza, katika safari ile fupi, jina la mto hata mmoja na sababu ya kuitwa hivyo.

Tena wasingeuliza majina ya mito wakakosa kuuliza jambo jingine: kwa nini nchi hii ina watu wachache? Kusini hapakuwa patupu tangu zamani. Mwaka wa 1905 ilizuka vita ya Maji Maji, na sababu mojawapo ilikuwa kilimo cha amri. Wadachi walikuwa wameagiza mashamba ya pamba ya kijiji, chini ya maakida na majumbe, na kila mtu mzima alilazimishwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Katika mwaka wa kwanza, upande wa pwani, malipo ya mtu yalikuwa senti 35, hata wengine wakakataa kuzipokea. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na huo ukawa mwanzo wa vita. Ilienea mpaka Songea, na katika mwaka wa 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa, miongoni mwao Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Majeshi ya Wadachi yalichoma ghala na mashamba kusudi watu washindwe kwa njaa. Wengine hukadiria waliokufa kuwa 75,000, wengine hufikia 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa wala si risasi. Palipokosa watu pakaota miti, penye miti wakaingia wanyama na mbung'o, na mbung'o wakazuia watu wasirudi na ng'ombe wao.

Hilo ndilo pori alilolitazama Bwana Samuel kutoka juu. Sehemu yake kubwa ilikuwa mahame.

Hapa tuna neno moja la pembeni. Wakati huohuo, huko Kano katika Nigeria, karanga zilikuwa zikirundikwa katika magunia kama vilima, zikingojea treni za kuzipeleka pwani, maana injini na mabehewa hayakutosha. Nani alizilima? Hapakuwa na trekta hata moja. Zililimwa na wakulima wadogo, kila mtu na shamba lake na jembe lake, wakaziuza kwa wafanya biashara. Kampuni ileile ya United Africa ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wao. Basi ushahidi ulikuwa mkononi mwao ya kuwa mwenye jembe, akipata bei na njia ya kusafirishia, aweza kutoa karanga nyingi mno. Lakini injini za reli hazina sifa kama matrekta, na kumwamini mtu mwenye jembe kulionekana kazi ya polepole mno.

Kazi ilianza mapema mwaka wa 1947, haikuanza Kusini bali Kongwa katika nchi ya Wagogo, kwa kuwa reli ya kati ilipita karibu. Matrekta yalinunuliwa popote yalipopatikana, mengi katika mabaki ya vita. Kadiri ya theluthi mbili yalikuwa mabovu kabla mwaka haujafika mwisho. Kiwanda cha Vickers huko Uingereza kilichukua vifaru vya vita kikavigeuza kuwa matrekta. Miti ya Kongwa haikuanguka upesi. Mibuyu ilikuwa na nyuki ndani yake, nao waliwatokea madereva hata wengine wakapelekwa hospitali. Baadaye walivumbua namna ya kufunga mnyororo mnene wa nanga ya meli kati ya matingatinga mawili, nayo yakienda sambamba mnyororo ule huangusha kila kilicho katikati. Namna hiyo ilifaa sana kwa kuangusha miti. Mizizi ikabaki chini, nayo ikavunja majembe ya trekta.

Kisha ukaja udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na chembe kali za mawe kama msasa. Wakati wa mvua hulimika. Jua likiwaka hukauka ukawa kama tofali. Kila mwanamke aliyepata kulima karanga ajua ya kuwa mmea huu una tabia yake: ua hutoka juu, lakini punje hukomaa chini ya ardhi. Wakati wa kuvuna, udongo sharti uwe mwepesi kusudi mmea utoke pamoja na vitovu vyake. Mahali ambapo udongo hufunga kama saruji, karanga hubaki humo humo. Ndiyo maana mwenye jembe hazipandi popote, huzitafutia mahali pa mchanga. Jambo hilo lisingegharimu hata shilingi moja kuliuliza.

Katika mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa hazikutimia 8,000. Mwezi wa Machi 1948 kazi ilitolewa kwa kampuni ikapewa shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation, ambalo watu waliliita O.F.C. tu. Wakajaribu na alizeti. Mwaka wa 1949 mvua ikakosekana, alizeti ikakauka. Hapakuwa na shamba la majaribio lililolimwa kwanza kwa miaka miwili mitatu. Uingereza ilikuwa na haraka, na Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, alikwisha kuahidi Bungeni.

Sasa turudi kwetu Kusini. Sehemu 55 zile zilihitaji bandari na reli, na Kusini hapakuwa na hata kimoja. Basi ikaanzishwa bandari ya maji marefu Mtwara, mahali palipokuwa kijiji cha wavuvi, na ikatandikwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikapanda mpaka Nachingwea. Treni zilianza kupita mwaka wa 1949. Mji mpya ukatokea porini: nyumba za mabati, karakana, hospitali, kiwanja cha eropleni. Mtu aliyetoka Tunduru kwenda kutafuta kodi ya kichwa hakuwa na haja tena ya kwenda mpaka mashamba ya mkonge ya Lindi au Tanga. Kazi ilikuwa Nachingwea.

Hapa ndipo lilipoguswa shamba dogo, nasi tutakaa hapa kidogo.

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa mwaka, mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma kama mwezi wa Aprili. Mwenye kuchelewa majuma matatu kupanda hula kidogo mwaka ule. Mashamba makubwa nayo yalikuwa na mvua hiyohiyo. Yalihitaji mikono wakati uleule nyumba ilipohitaji mikono. Mume akienda kibarua mwezi wa Desemba, mke hubaki na jembe moja na watoto. Hawezi kukata miti mikubwa ya shamba jipya, kwa hiyo hurudia shamba lililochoka. Mwaka wa kwanza hapana neno. Mume huleta nguo, chumvi, na fedha ya kodi. Mwaka wa pili mavuno hupungua. Mwaka wa tatu fedha ya kibarua hununua chakula ambacho zamani kilitoka shambani, na kukinunua ni ghali. Hatusemi kwamba mambo haya yalianzishwa na karanga; mkonge uliyafanya kabla yake, na watu wa Songea na Tunduru waliyajua tangu siku za Wadachi. Nachingwea iliyasogeza karibu na mlango.

Tena kuna habari ya chakula. Popote wakusanyikapo maelfu ya watu wasiolima, bei ya nafaka, mayai na kuku hupanda. Kongwa ilikuwa hivyo, na mwaka wa 1947, mgomo ulipoanza bandarini Dar es Salaam ukafuata njia ya reli, wafanya kazi wa Kongwa nao waliacha kazi. Ughali wa vitu ulikuwa sababu kubwa. Mkulima aliye karibu na kambi hufurahi mwezi wa Julai ghala ikijaa, kwa maana aweza kuuza kwa bei nzuri. Mwezi wa Februari, mahindi mapya yakiwa bado mabichi, hurudi kununua alichokiuza, na sasa bei ni ya watu wa kambi. Mwenye busara huuza nusu. Lakini mwenye deni hawezi kuwa na busara ya namna hiyo, na wengi walikuwa na deni.

La tatu ni ardhi yenyewe. Kwa sheria ya mwaka wa 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa chini ya Gavana kwa ajili ya wenyeji wake. Shamba lenye mahindi lilionekana kuwa la mtu. Mahame yalionekana kuwa si ya mtu. Ukifyeka mahame kwa mnyororo humfukuzi mtu siku ile. Humwondolea shamba la miaka kumi ijayo. Hasara ya namna hii haionekani katika daftari lolote, maana hapana aliyelia wala aliyebebwa na mzigo wake kichwani. Baba huiona siku anapotaka kuhama na hana pa kuhamia.

Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilikubali kushindwa. Ilifuta katika hesabu zake kadiri ya pauni milioni 36, yaani nusu nzima kupita gharama iliyokadiriwa kwa kazi yote, na kazi haikufika hata mwanzo wake. Kongwa, katika misimu miwili, ilikuwa imetoa tani 2,000 tu za karanga. Wazungu wa Uingereza walikasirika, magazeti yao yakaandika sana, na baadaye wakasahau.

Tusiwe wadhalimu. Walioileta kazi hii hawakuja kuiba. Wengi wao waliamini kweli ya kuwa mashine itamtoa Mwafrika katika jembe, na wengine waliugua malaria kwa ajili ya imani hiyo. Vijana wengi walijifunza ufundi wa injini na kuchomelea vyuma, wakaenda nao mahali pengine. Bandari ya Mtwara ilikamilishwa mwaka wa 1954 na ingali ikifanya kazi. Mwaka wa 1955 mabaki ya mashamba yalipewa shirika jingine, Tanganyika Agricultural Corporation. Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe, Urambo ikastawi kwa tumbaku katika mikono ya wakulima waliogawiwa mashamba ya kadiri, na Nachingwea pakajaribiwa mashamba ya wapangaji yaliyolimwa kwa trekta. Baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, jambo ambalo Bwana Samuel hakuliona kutoka dirishani mwa eropleni. Reli haikudumu. Ilifungwa mwaka wa 1962 kwa kukosa mizigo, vyuma vikang'olewa.

Lakini je, ni kweli kwamba Kusini hakukuwa na mizigo? Hapa pana jambo ambalo wachekao karanga hawalisimulii.

Katika miaka ileile ambayo matingatinga yalikuwa yakivuta minyororo, wakulima wa Newala, Masasi, Mtwara, Lindi na baadaye Tunduru walikuwa wakipanda mkorosho. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, ukakaa pwani bila kushughulikiwa sana. Ilipojulikana ya kuwa wafanya biashara hununua korosho na kuzipeleka India zikabanguliwe, watu wakaanza kupanda. Hawakuingojea amri, ijapokuwa mabwana shamba waliwahimiza. Mtu alitia mbegu ya korosho katikati ya mihogo na mahindi yake. Alipopalilia mihogo alipalilia na mkorosho, kwa jasho lilelile. Baada ya miaka mitatu au minne, wakati ambapo zamani angeliacha shamba liwe mahame, mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa. Naye akaenda kufungua shamba jingine, akitia mikorosho huko pia. Yaani yaliyokuwa mahame yakawa mali. Tena korosho huanguka kuanzia miezi ya kiangazi, kazi ya mahindi ikiwa imekwisha, wala hazikugombani na chakula juu ya mikono ya watu.

Mwaka wa 1945 nchi ilitoa kadiri ya tani 7,000 za korosho. Msimu wa 1973/74 ilitoa tani 145,000. Hapakuwa na trekta. Ziliokotwa moja moja na wanawake, watoto na wazee, zikabebwa kwa baiskeli na kichwani mpaka penye mizani. Tukizilinganisha na karanga za Kongwa twaona kwamba mkulima mdogo hakushindwa na kazi; alichotaka ni zao lisilomdai shamba lake la chakula, na mnunuzi mwaminifu.

Tungependa kukomea hapo, lakini historia ina sehemu ya pili, na ndani yake hatuwezi kumlaumu Mwingereza. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 serikali yetu wenyewe ilitangaza kuwa kukaa katika vijiji vya pamoja ni amri, na katika miaka iliyofuata watu walihamishwa kwa operesheni mpaka 1976. Karibu na mpaka wa Ruvuma wengine walikuwa wamekusanywa mapema zaidi kwa sababu ya vita vya Msumbiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji. Vitu hivyo vilikuja kweli katika vijiji vingi, nasi twavithamini. Lakini mikorosho haihamishwi. Mtu aliyepelekwa mbali na miti yake hakuweza kuipalilia wala kuokota korosho zake. Majani yakapanda, moto wa kiangazi ukapita ndani. Bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, unaofunika maua kwa ungaunga mweupe hata yakaanguka. Msimu wa 1986/87 korosho za nchi nzima zilikuwa chini ya tani 20,000.

Na tazameni jambo la ajabu. Katika miaka hiyohiyo vilijengwa kwa mikopo viwanda vikubwa vya kubangua korosho, Mtwara na Lindi, na Masasi, na Tunduru, na hata Nachingwea ileile. Vilipokuwa tayari, korosho za kuvilisha zilikuwa zimepungua, na vingi vikafungwa. Waliopanga viwanda walitazama tani za mwaka 1973 kama Bwana Wakefield alivyotazama ekari. Tani hazioti zenyewe. Huota kwa mtu aliye karibu na mti wake.

Korosho zilirudi. Watu walirudia miti yao ya zamani au wakapanda mipya, wakajifunza kupuliza salfa wakati wa maua, na msimu wa 2017/18 nchi ilitoa zaidi ya tani 300,000. Katika Tunduru, pamoja na Nalasi, zao hili sasa ndilo fedha ya ada za shule na mabati ya nyumba. Huuzwa kwa njia ya vyama vya msingi na chama kikuu cha TAMCU, kwa mnada wa stakabadhi ghalani. Wakulima wana malalamiko yao juu ya makato na malipo yanayochelewa, na wana haki ya kuyasema. Lakini ni malalamiko ya mtu mwenye shamba.

Lililobaki ni lile neno pori. Mwaka wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya namna nyingine, na kipimo chake hakizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye aamuaye, baada ya kusikia maneno ya mkutano huo. Ni ulinzi ambao babu zetu hawakuwa nao mwaka wa 1946. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka uleule, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, yaihesabu ndani yake hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Wanasheria wamebishana juu ya maneno hayo tangu hapo. Mwenye mahame ayasome mara mbili, maana mahame hayakaliwi, na macho ya mgeni huyaona hayatumiwi.

Kwa hiyo mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unapoandikwa, faida yake ni kubwa kuliko karatasi yenyewe. Wazee hutembea na vijana mpaka mpakani, wakitaja kila mahame kwa jina la aliyelima pale na mwaka alioacha, na kijana aliyesoma huandika. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Hufaa ifanywe kiangazi, majani yakiwa yamekauka na njia zaonekana, kabla korosho hazijaanza kuanguka na watu kukosa nafasi.